Kuhesabiwa haki, na daftari langu la madeni

Jumamosi moja zamu ya kuongoza neno kwenye jumuiya yetu ya Tabata iliniangukia mimi. Somo lilikuwa Warumi 3. Nikasoma hadi mstari wa 24, "wanahesabiwa haki bure kwa neema yake", nikawa napita tu kama kawaida, mama mmoja fundi cherehani akanikatisha.

"Samahani baba. Haki ninazozijua mimi ni zile za kwenda kudai serikali za mtaa. Hii ya kuhesabiwa ndiyo ipi?"

Mimi Mlutheri niliyepata kipaimara, neno hilo nimelikariri tangu utotoni. Nikajibu, "Ni kufanywa mwenye haki mbele za Mungu." Akaniangalia tu. Nilikuwa nimemrudishia swali lake, nimelivalisha tai.

Jibu nililipata dukani. Nina genge na duka dogo, na daftari la madeni halikauki wino. Siku hiyo kijana wa bodaboda alikuwa anadaiwa 18,500. Shangazi yake akaja kununua unga, akaniambia, "Mwanangu, hilo la huyu liandike kwangu." Nikapiga mstari jina la kijana, nikaandika la shangazi. Kalamu ikiwa bado mkononi nikamkumbuka Paulo akimwandikia Filemoni habari za Onesimo: kama unamdai kitu, kiandike juu yangu.

Usiku nikafungua Warumi 4. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kuhesabiwa" ni logizomai, ambalo wafanyabiashara walilitumia kwa mambo ya mahesabu, na Paulo analirudia mara 11 kwenye sura hiyo moja. Mstari wa 4 anataja mpaka ujira na deni. Miaka yote nilikuwa nalisikia neno la mimbarani, kumbe lilikuwa la kaunta.

Ila daftari lina mwisho wake. Yule kijana alibaki sifuri: hadaiwi, lakini pia hana kitu. Paulo anasema haki inaandikwa upande wa mtu, kama Abrahamu katika Mwanzo 15:6. Nusu hiyo ya pili ndiyo nilikuwa siielezi kamwe.

Jumamosi iliyofuata nikaja na daftari lenyewe (majina nimeyafunika, watu wanaona aibu). Nikamwomba fundi aeleze ukombozi, neno linalofuata kwenye mstari ule ule wa 24. Vijana walikuwa wameshataja Frelimo, waliopigania uhuru wa Msumbiji, na Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika iliyokuwa na makao yake hapa Dar. Yeye akasema, "Cherehani yangu niliiweka rehani wakati wa ada. Nilipolipa, nikaikomboa." Basi. Hicho Kigiriki cha apolutrosisi, kumfungua mtumwa au mateka kwa kulipa fidia, hakikuhitaji maneno zaidi yangu.

Kwenye utakaso vijana walicheka, wakasema huo ni utakatishaji fedha. Niliwaacha wacheke, maana mzizi ni mmoja, takata. Tofauti ni kwamba mtakatishaji anazipa sura safi fedha zilizobaki chafu, na utakaso unamsafisha mtu mwenyewe, polepole, tena baada ya kuhesabiwa haki.

Upatanisho ndio ulionitoa jasho, kwa sababu sokoni sikupata mfano wake. Neno la Kigiriki la Warumi 3:25 ni lile lile ambalo Waebrania 9:5 inaliita kiti cha rehema: kifuniko cha sanduku la agano, ambacho kuhani mkuu alikinyunyizia damu mara moja kwa mwaka, kama ilivyo katika Walawi 16. Nikaeleza hivyo hivyo, kavu kavu.

Fundi akauliza, "Kuna aliyekikalia?"

"Hapana, mama."

"Sasa kiti cha nini?"

Hilo nililitafuta wiki nzima. Kiebrania hakina kiti, kina kapporeti tu, jina la kifuniko hicho. Kiti alikiweka Martin Luther kwenye Biblia yake ya Kijerumani, Gnadenstuhl, Waingereza wakamfuata. Nilipompelekea jibu alikuwa anapinda gauni. Hakuinua kichwa.

"Kumbe kiti kililetwa na Mlutheri mwenzako," akasema, "halafu mimi ndiye nakuuliza."