Boila ya Sinyore

Jirani leo achemsha siki ya achari, harufu imeingia kwangu mpaka chumba cha kulala, watoto wamejiziba pua wanakimbia nje, mie nimekaa kitako nainusa tu. Wao wanusa achari, mie nanusa ile boila ya Casuarina, kule Malindi.

Wakati huo tulikuwa tushahamia kule nyumba ya nyuma kwa Sinyore, yule Mtaliano, Mama ndiye mpishi ndiye mwangalizi ndiye kila kitu. Sasa mtu ataniuliza, Malindi hii boila ya nini, mji ambao ukifungua mfereji saa nane mchana maji yatoka moto yenyewe, jua lishayachemsha bure kwenye paipu. Hata mie nlikuwa najiuliza. Lakini Sinyore alikuwa mtu mzima, magoti yamuuma, na yeye desturi yake ni kuja Agosti, kusi yavuma, asubuhi upepo wa bahari waingia mpaka kwenye mifupa, basi bila ya maji moto haogi. Boila yenyewe ya lita 80, imeangikwa ukutani pale bafuni, na ukuta ule ule ndio kitanda chake kimeegemea upande wa pili. Nani aliyepanga hivo sijui.

Mwaka huo ikaanza kelele. Ukiwasha stima kimya kidogo, halafu tik, tik, tik, kisha guruguruguru mpaka vioo vya dirisha vyatetema, mara ko! yanyamaza, waanza kusinzia, ko! tena. Askari wa usiku akasema ile si boila, ile ina mwenyewe, akahamisha kiti chake upande wa getini. Na kichekesho ni kuwa Sinyore ni katika wale Wataliano walioingia huku na mambo ya San Marco, zile roketi zilizokuwa zikirushwa Ngomeni baharini kuanzia 1967 mpaka 1988. Mtu amesikia roketi kwa masikio yake, leo boila ya bafuni yamnyima usingizi, ashuka asubuhi macho mekundu, "Mama, basta, basta," yaani yatosha.

Akaja fundi wa kwanza, akabadilisha thamostati, ile ya kupimia moto wa maji, akalipwa, akaenda zake, usiku ule ule guruguruguru. Wa pili akasema ni upepo kwenye paipu. Ndipo Mama akampigia Ami, ambaye ufundi wake alijifunzia kwenye meli na hana cheti hata kimoja, na Mama alikuwa hampendi sana kwa mambo mengine ambayo si ya kuandika hapa.

Ami hakufungua kitu kwanza. Aliingia jikoni akaomba maji ya kisima na kipande cha sabuni, akasugua mikono, povu halikutoka, yale maji yetu mwayajua. Akatikisa kichwa. Akazima stima kwenye meni swichi, akafunga maji, akaunga mpira akayamwaga bustanini, mie kazi yangu ni tochi. Yalianza kutoka maji ya kawaida, kisha yakawa meupe kama tui, mpira ukaziba, akaukung'uta kwenye sakafu, ukatoa mchanga mweupe, ukaziba tena, na Mama yuko mlangoni na ufagio asema bafu la watu hilo. Halafu nati za chini. Moja ilikuwa imeshika, akaitia mafuta, akangoja, akavuta sigara nzima, akarudi akaigonga kidogo kidogo na nyundo huku asoma bismillahi. Ilipoachia, kile kifuniko chenye elementi, ile koili ya kuchemshia maji, hakikushuka. Ami akakitikisa na mikono miwili, bado. Akaniambia, "Mwanangu, shika beseni, usiondoke hata likikumwagikia." Akavuta.

Wallahi sijasahau. Ilishuka elementi ambayo huoni chuma hata nukta, nyeupe tupu, imenenepa hata haipiti kwenye tundu iliyoingilia, na nyuma yake yakamwagika magamba, kwa wingi, beseni likawa zito mkononi, mengine yanidunda kwenye vidole vya miguu. Ami akaokota moja akalivunja kwa meno (ndiyo, kwa meno), akalitupia ndani ya kikombe cha siki, na pale pale likaanza kuchemka vipovu na hakuna moto. Akacheka peke yake. "Chokaa hiyo. Babu yenu amechoma chokaa maisha yake yote, matumbawe na kuni za mikoko, Wataliano hawa waitengeneza bafuni na stima."

Akatueleza. Mji wote huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji ya kisima yapita humo yaibeba chokaa bila ya kuonekana, ukiyachemsha yaiacha, na yaiacha zaidi pale penye moto zaidi, kwenye elementi. Maji yanayonasa chini ya yale magamba yageuka mvuke, mvuke wapasuka kutafuta njia, ndiyo ko! yenu hiyo. Na thamostati ilikuwa imewekwa digrii 75, yatosha 60. Akatuonesha pia fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe, yetu ilikuwa imebaki waya mwembamba. Akauangalia ule waya kitambo, akaurudisha, hakusema kitu.

Elementi ikalala kwenye siki usiku kucha, nyumba nzima yanuka achari. Kesho yake akafunga kila kitu, stima ikawashwa, boila kimya kabisa. Sinyore akalala mpaka saa nne, akampa Ami pesa ambazo Mama alizihesabu kwa macho kutoka jikoni.

Haikupita wiki maji yakaanza kudondoka chini ya tangi, mekundu ya kutu, yakachora ukuta mzima. Kumbe tangi lilikuwa limetoboka siku nyingi na ile chokaa ndiyo iliyokuwa imeziba. Ikabidi boila mpya iletwe kutoka Mombasa, Sinyore akalipa bila ya neno, Mama ndiye aliyekuwa na maneno.

Anayo mpaka leo. Wakikutana sikukuu, akishampakulia biriani yake, aanza tu, wewe ndiye uliyeiua boila ya watu. Mie ukweli sijui niko upande gani. Ami hutafuna pole pole, amjibu, "Shemeji, lile tangi lilikuwa lishaoza. Na ningeiacha vile vile, elementi ingeungua."

"Si ingenyamaza bure," Mama amwambia.