Pampu ya Kwanza

Wiki hii nimekaa na daftari la hesabu nikitafuta jibu la swali moja: mtaji nilionao wa kuanzisha biashara ya kusukuma zege hapa Arusha uingie kwenye lori kuukuu lenye mkono wa kumwagia zege, au kwenye pampu ya trela inayosukuma zege kupitia mabomba yanayolazwa chini? Tangu ujenzi wa uwanja wa Olmoti uanze kwa ajili ya AFCON ya 2027, karibu kila ninayemweleza mpango wangu hunishauri ninunue lori, kwa kuwa mkono ule huonekana kutoka mbali na hujitangaza wenyewe. Wateja ninaowalenga, hata hivyo, ni watu wa mitaa ya Moshono, Njiro na Sakina wanaojenga ghorofa moja au mbili kwenye viwanja vilivyobanana, ambako nyaya za umeme hupita juu ya ukuta na Fuso huingia kwa kurudi nyuma. Lori la mkono linahitaji nafasi ya kutanua miguu yake na ardhi ngumu ya kuihimili, na huko sioni litasimama wapi.

Hesabu ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ndiyo iliyonielekeza zaidi. Slabu ya mita za mraba 150 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 22.5 za zege, uzito unaozidi tani 50, ambao kwa kawaida vibarua huupandisha kwa ndoo na karai. Kwa karatasi, pampu ya mita za ujazo 30 kwa saa ingeimaliza haraka sana. Lakini hapa zege nyingi huchanganywa palepale kwenye kiwanja, na mashine ya kuchanganyia mfuko mmoja wa saruji hutoa chini ya robo ya mita ya ujazo kwa kila mkorogo. Hata zikiwa tatu, zikifanya kazi bila kusimama, hazifiki mita za ujazo 10 kwa saa. Pampu kubwa ingekaa ikisubiri, na zege inayosubiri ndani ya bomba juani huanza kushika na kuziba. Kwa hiyo nataka pampu ndogo ya dizeli ambayo mwendo wake unaweza kupunguzwa, yenye injini ya tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), kwa sababu Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Juzi nilikwenda mtaa wa Unga Limited kuangalia pampu moja iliyotumika. Rangi ilikuwa mpya kabisa. Fundi niliyefuatana naye hakuitazama rangi. Alifungua mfuniko wa sanduku la maji lililo nyuma ya pistoni, akachovya kidole, kikatoka na tope la kijivu. "Dada, saruji inapita hadi huku," aliniambia. "Sili za pistoni, hizi raba za kuzuia zege isipite, zimekwisha." Kisha alimulika tochi ndani ya hopa, beseni linalopokea zege, na kunionyesha mwanya kati ya pete na sahani ya vali, vyuma viwili vinavyopaswa kubanana, ambapo shinikizo lingevujia. Hatukuendelea na bei.

Kuhusu mabomba nimeshaamua: kipenyo cha milimita 125. Yale membamba ni mepesi kubeba, lakini kokoto kubwa kuliko yote haipaswi kuzidi theluthi moja ya kipenyo cha bomba, na kokoto za kugongwa kwa nyundo hazina ukubwa mmoja. Gharama ya bomba nene ni mikono: bomba la mita tatu likijaa zege huzidi kilo 100, hivyo linahitaji watu wawili walioshiba. Viwiko, yaani vipande vya bomba vilivyopinda, nitanunua vipya, kwa kuwa huliwa kwanza upande wa nje wa mpindo, mahali ambapo jicho halioni wembamba wa chuma, na kiwiko kikipasuka kikiwa na shinikizo humjeruhi aliye karibu.

Kilichobaki katika bajeti ni pistoni na pete za akiba, klampu za kuunganishia mabomba na raba zake, mipira ya sponji ya kuyasafishia, na pikapu ya kuvutia trela. Pikapu inaweza kukodiwa kwa miezi ya mwanzo. Pete na sili hazingoji, kwa kuwa zikiisha katikati ya slabu, mteja hawezi kusubiri mzigo utoke Dar es Salaam.