Machale ya Mwalimu na Mahali pa Kuyaamini

Katika skuli zetu za Pemba, mwalimu akimaliza kueleza jambo ubaoni huuliza, "Mumefahamu?" na darasa zima huitikia kwa sauti moja, "Tumefahamu!" Mwalimu aliyekwisha kulizoea darasa lake halitegemei sana jibu hilo, bali huangalia kalamu. Mtoto aliyefahamu huinama akaanza kuandika hata kabla ya kuambiwa. Asiyefahamu hulinakili swali kwa mwandiko mzuri, hupiga mstari kwa rula, hufuta, hupiga tena, kisha hutupa jicho la pembeni kwenye daftari la mwenziwe. Ukimwuliza mwalimu huyo amejuaje kwamba nusu ya darasa imeachwa nyuma, mara nyingi atakwambia kwamba moyo umemtuma tu. Nami nikiwa mwalimu wa hisabati nauamini moyo huo ndani ya darasa, lakini liko jambo jengine katika kazi hiihii ambalo siuamini hata kidogo, na tofauti baina ya mambo hayo mawili naiona ni kubwa kuliko tunavyoichukulia sisi walimu.

Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alishikilia kwamba hisia ya namna hii ni utambuzi na si kitu kingine: mtu huona dalili, dalili hiyo huamsha mengi aliyokwisha kuyaona, na jibu huja kabla hajapata maneno ya kulielezea. Mwaka 1973 yeye na William Chase walionyesha jambo hilo kwa mchezo wa sataranji. Mchezaji hodari akionyeshwa kwa sekunde chache ubao uliotokana na mchezo wa kweli, aliweza kuzirejesha kete nyingi mahali pake kwa kumbukumbu tu, ilhali kete zilipopangwa ovyo ubora wake juu ya mwanagenzi ulikaribia kutoweka. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, bali macho yake yalikuwa yamezoea mipangilio.

Utambuzi kama huo tunao majumbani mwetu kila msimu wa karafuu. Bibi yangu huingiza mkono kwenye jamvi, huchota gao moja, huzibana kiganjani, huivunja moja kwa vidole akasikiliza inavyokatika, kisha husema "bado" au "tieni guniani." Hajawahi kutumia kipimo cha unyevu, na mimi sijawahi kumbishia. Karafuu zikifika kwenye kituo cha kuuzia na ubichi, jibu hurudi siku hiyohiyo: zianikwe tena. Jua lenyewe pia halimdanganyi, kwani karafuu iliyoanikwa vizuri hukauka kwa namna ileile mwaka hadi mwaka.

Hilo ndilo lililokubaliwa na Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo tofauti, katika makala waliyoiandika pamoja mwaka 2009. Klein alikuwa amewachunguza makamanda wa zimamoto, akavutiwa na usahihi wa maamuzi yao ya ghafla. Kahneman alikuwa ametumia umri wake kuonyesha jinsi hisia za wataalamu zinavyopotoka. Walikubaliana kwamba hisia ya mtaalamu inastahili kuaminiwa pale ambapo mambo anayoyahukumu yana mpangilio unaojirudia, na yeye mwenyewe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza mpangilio huo kwa kuletewa matokeo yaliyo wazi na ya haraka. Walikubaliana pia kwamba yakini anayoihisi mtu moyoni si ushahidi wa usahihi wake.

Darasani masharti hayo yanatimia, kwa kuwa nikidhani mtoto amepotea nikimsogelea na kumwuliza, baada ya dakika moja nimekwishajua. Wanafunzi nao nataka wapate nafasi hiyohiyo. Ukiwauliza nusu ya pishi 8 za karafuu ni ngapi, hata anayeogopa hisabati hujibu 4 bila ya kushika kalamu. Andika ubaoni 8 × 0.5, na wapo watakaokisia kwamba jibu limezidi 8, kwani tangu wadogo kuzidisha kumekuwa kukiwaongezea idadi. Vivyo hivyo mtoto huiona 0.35 kuwa kubwa kuliko 0.4, kwani 35 ni kubwa kuliko 4. Makisio hayo si upumbavu, bali ni mazoea mazuri yaliyovuka mpaka wake. Kwa hiyo huwataka wakisie kwanza na waandike kisio lao, kisha ndipo wakokotoe, ili hisia ya pishi na hisia ya namba nzima zikutane kwenye ukurasa mmoja na mtoto aone mwenyewe ipi imemfikisha.

Jambo ambalo siuamini moyo wangu, wala wa mwalimu yeyote, ni kutabiri mtoto atafika wapi. Kwenye vikao vya kuwagawa wanafunzi katika michepuo husikika maneno kama "huyu hana kichwa cha sayansi" au "huyu namwona daktari," yakisemwa kwa yakini ileile ambayo mwalimu huwa nayo anapoangalia kalamu darasani. Lakini hapa matokeo hayarudi. Msichana mkimya wa safu ya nyuma akinyimwa fizikia, hataufanya mtihani wa fizikia, na mwalimu aliyesema hataweza hatapata siku hata moja ya kukanushwa. Aliyepewa nafasi naye hupata vitabu, mazoezi ya ziada na macho ya walimu, kisha akifaulu tunasema tulijua tangu mwanzo. Mtu anaweza kuishi hivyo kazini mpaka akastaafu, akizidi kujiamini kila mwaka bila ya kuwa amejifunza chochote.

Kahneman alikutana na tatizo la aina hii katika miaka ya 1950, alipokuwa kijana katika jeshi la Israel. Usaili wa kuwapangia kazi askari wapya ulitegemea picha ya jumla anayoipata msaili, na picha hiyo ilikuwa haitabiri kitu. Akawataka wasaili watoe alama kwa sifa 6, moja baada ya moja, kwa kuuliza mambo ambayo askari amekwisha kuyafanya; na mwisho kabisa wafumbe macho, wamfikirie mtu huyo na watoe alama ya hisia yao. Utabiri ulikuwa bora, na la kutia moyo ni kwamba alama ile ya mwisho ya hisia ilikuwa na thamani sawa na jumla ya zile 6. Hisia ilifaa ilipokuja baada ya kazi ya kukusanya.

Ninayoyapendekeza katika skuli yetu yanatokana na hapo. Kila mwalimu aandike alama zake kwa kila mwanafunzi kabla ya mtu yeyote kusema neno kikaoni, na maoni ya jumla yasubiri mpaka karatasi zote zisomwe. Utabiri wetu uwekwe kabatini hadi yatoke matokeo ya Kidato cha Nne, kisha tuusome pamoja. Na mwanafunzi anayeitaka sayansi kwa dhati aruhusiwe kuisoma hata tukimtilia shaka, kwa kuwa asipoingia katika darasa hilo hatutakuwa na njia yoyote ya kujua kama shaka yetu ilikuwa na msingi.