Kituo chetu cha afya kimekua, sasa kimfikie na asiyesikia jina lake likiitwa

Kata yetu iko nje kidogo ya mji wa Morogoro, na wenyeji wanakumbuka zamani palikuwa na zahanati tu, vyumba vichache, mjamzito akipata shida usiku mnaanza kuhangaika na bodaboda au kumgongea mtu mwenye gari mpaka mjini. Leo pale pale pana kituo cha afya chenye maabara, wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, mama anafanyiwa operesheni na anaamka mtoto yuko pembeni yake. Mimi hili silichukulii poa hata kidogo. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakuta 104, hao ni watu waliorudi nyumbani jamani, na sasa kuna m-mama pia, unapiga 115 bure mnatafutiwa usafiri wa dharura.

Kwa hiyo ninayoandika hapa siyo lawama, naandika kwa sababu nakipenda hiki kituo na nataka kiwe cha wote kweli.

Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni. Alipopata ujauzito mimi ndiye nilikuwa naenda naye kliniki, na ukikaa pale benchi na mtu asiyesikia ndo unagundua karibu kila kitu kinaendeshwa kwa sauti. Jina linaitwa kutoka mlangoni, asipoitika anaitwa anayefuata. Somo la asubuhi la lishe na dalili za hatari linatolewa kwa mdomo na nesi yuko mbele kasimama, kina mama wanacheka, wanauliza maswali, yeye anaangalia nyuso za watu tu. Kama siku hiyo sipo angekaa mpaka saa nane na kadi yake mkononi.

Halafu lile linaloniumiza zaidi ni siri. Mjamzito hudhurio la kwanza anapimwa vitu vingi, VVU na kaswende vikiwemo, na majibu ni ya kwake, ndo maana mlango unafungwa. Sasa mdogo wangu mlango ukifungwa mimi nimo ndani, maana mkalimani ni mimi. Kuna mtu anakuja na mama mkwe, mwingine na jirani, mwingine na mtoto wake wa darasa la nne, hebu fikiria mtoto ndo amuulize mama yake kama anatokwa na uchafu ukeni. Na usiseme waandikiane tu kwenye karatasi, siyo kila kiziwi amepata shule ya kumfundisha kusoma vizuri, hizo shule ni chache na ziko mbali.

Ila kuna nesi mmoja pale, Mungu ampe maisha marefu, yeye hakusubiri semina wala mradi. Alianza kwa kumfuata mdogo wangu pale alipokaa na kumgusa bega zamu yake ikifika. Baadaye akaomba afundishwe alama chache, maumivu, damu, mtoto anacheza, sukuma, pumzika. Siku ya kujifungua akawa anashusha barakoa akisogea mbali kidogo ili midomo yake ionekane, maana ukimwambia kiziwi sukuma ukiwa umeziba mdomo ni kama hujasema kitu. Mdogo wangu alijifungua salama, na mpaka leo akiwa na shida anauliza kwanza kama yule nesi yuko zamu.

Na hapo ndo tatizo lenyewe, huduma inategemea umemkuta nani zamu.

Hili si la viziwi peke yao. Kituo kimejengwa na njia ya mteremko mlangoni, vizuri sana, ila mwenye kiti cha magurudumu akishaingia ndani anakuta mlango wa choo mwembamba, kitanda cha kupimia kiko juu, na mizani ni ya kusimama, kwa hiyo mjamzito asiyeweza kusimama uzito wake unakadiriwa kwa macho. Wazee angalau wana dirisha lao na watu wameshazoea kuwapisha. Wenye ualbino wanahitaji mafuta ya kuzuia jua na kuchunguzwa ngozi mapema, hayo hayapaswi kusubiri siku maalum ya maadhimisho.

Nikiyasema haya kuna watu wananijibu dawa zenyewe zinaisha, wewe unaleta habari za lugha ya alama. Nawaelewa. Lakini kumgusa mtu bega hakuna bajeti, kuandika namba kubwa kwenye kadi na kuionyesha hakuna bajeti. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na sensa ya 2022 imeonyesha asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu, kwenye foleni ya watu 100 hao ni 11, siyo wageni.

Na vile vinavyohitaji hela, njia ipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, sisi sisi, ambayo inapitisha mpango na matumizi. Kwetu nimeshaongea na mwenyekiti, ninachoomba ni vitu vitatu: mizani ya kupimia mtu akiwa amekaa, mlango wa choo kimoja upanuliwe, na manesi wa wodi ya wazazi wakae na watu wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wafundishwe alama za msingi, wote, siyo mmoja. Ameniambia niandike barua kabla mpango wa mwaka ujao haujafungwa, na mdogo wangu amesema ataipeleka yeye mwenyewe.