Siku Moja Maishani Mwangu: Kutathmini Huduma za Kifua Kikuu Tanga

Saa mbili asubuhi nilifika kwenye kituo cha afya kilicho pembezoni mwa jiji la Tanga. Kabla ya kufungua rejista yoyote nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, nione kama anayekohoa huulizwa amekohoa kwa muda gani. Muuguzi aliuliza, na madirisha yote yalikuwa wazi.

Saa tatu tulianza na rejista ya matibabu. Dawa hutumiwa kwa miezi 6, dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo na mbili kwa minne iliyobaki, hivyo tulitathmini walioanza mwaka jana. Waliopona na waliomaliza dawa walikuwa wengi, na mratibu wa huduma hizi kituoni alistahili kufurahi. Utaratibu huu wa kumfuatilia kila mgonjwa hadi mwisho ulijengwa hapahapa Tanzania kuanzia mwaka 1977, wakati wa Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, ndipo ukasambaa duniani.

Saa tano niliiweka rejista ya maabara kando yake, tukalinganisha jina kwa jina. Kazi hii huchosha macho, lakini kwangu ndiyo tathmini yenyewe, kwa kuwa asilimia ya mafanikio huwahesabu walioandikishwa tu. Aliyetoa makohozi, mashine ya GeneXpert ikaonyesha vimelea, kisha asirudi kuchukua majibu, hayumo katika hesabu ilhali yumo mtaani na familia yake. Tulimkuta mmoja, kijana mvuvi, ambaye namba yake ya simu iliandikwa tarakimu tisa badala ya kumi.

Saa nane mhudumu wa afya ngazi ya jamii alinipeleka nyumbani kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu, karibuni. Mwenyewe yuko dago, kambini kwa wavuvi, na kifua hicho kaondoka nacho."

Hatukutaja ugonjwa. Alitupa namba sahihi, mhudumu akampigia akiwa kando ya ua, na kijana akaahidi kurudi. Pale uani walicheza watoto wawili walio chini ya miaka 5. Kijana akianza dawa na kuridhia, nao watachunguzwa, na wasipokuwa na ugonjwa watapewa dawa kinga.

Saa kumi na moja niliandika mapendekezo: rejista hizo mbili zilinganishwe kila Ijumaa, na kila mvuvi anayetoa makohozi aombwe namba ya pili, ya ndugu anayebaki nchi kavu.