Nyumba Juu ya Fuso, Nyakato

Mtanzania akikaa Ujerumani miaka mingi, nyumbani anadaiwa kitu kimoja: kiwanja chenye nyumba. Si lazima aishi humo. Ijengwe tu, iezekwe bati la rangi, iwekwe geti na mlinzi, ndugu wapate pa kuonesha kwa kidole wakipita na daladala. Hapa Mwanza, Buswelu na Kisesa, zipo nyumba za namna hiyo ambazo wenyewe wako Munich au Minnesota, na anayezifaidi ni mlinzi na kuku wake. Mimi fedha niliyokuwa nadunduliza nimeipeleka kwenye Fuso. Nimechukua likizo ndefu isiyo na malipo, niko Nyakato kwenye gereji ya wachomeleaji, tunajenga nyumba juu ya chesesi ya lori.

Mjomba, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ukifa tukuzike wapi, kwenye tairi?"

Kwa wanaoishi Ujerumani jambo hili si geni. Miji midogo ya kule ina vikosi vya zimamoto vya watu wa kujitolea, na magari yao hulala ndani miongo mitatu yakitembea kilomita chache mno. Yakiuzwa, watu hugombania, hasa Benzi zile za pua, 911 na 1113. Wanang'oa vifaa vya moto, wanaweka boksi lenye kitanda, jiko, bafu na choo, halafu wanaelekea Moroko au Mongolia. Kazi yangu ni ufundi wa malori, kwa hiyo wenzangu wa karakana walinivuta wikiendi nyingi kuwasaidia, na wakanipeleka mpaka kwenye maonesho ya Bad Kissingen ambako malori ya aina hiyo hujaa. Nikajua na mengine ya pembeni: leseni ya kawaida ya daraja B inaishia tani 3.5, ukitaka kufika tani 7.5 unasomea C1, na somo lenyewe si la bei ndogo.

Wengi mmeniuliza kwa nini sikununua huko nikalipakia melini. Nauli ya meli na kodi za gari kuukuu ni sababu moja. Usukani wa kushoto ni ya pili; jaribu kulipita basi kwenye barabara ya Musoma ukiwa umekaa upande wa mtaroni. Ila kubwa zaidi ni spea. Benzi ya zimamoto ikifia Lamadi, kwenye barabara hiyo hiyo, kifaa unaagiza Ujerumani. Fuso ikifia Lamadi, kifaa kiko Lamadi. Na hili langu linavuta kwa tairi za nyuma peke yake. Najua wapenzi wa 4x4 watanuna, lakini Fuso za namna hii zinafuata pamba na mpunga vijijini masika yote, na zinarudi.

Sasa tuje kwenye chesesi, maana ndipo tulipobishana.

Fundi mkuu wetu amejenga bodi za malori tangu akiwa kijana. Mtindo wake ni mmoja: laza bodi, kaza kwa u-bolti kuanzia nyuma ya kabini mpaka mwisho, hakuna kutikisika. Kwa bodi ya kubebea viazi yuko sahihi kabisa. Chesesi ya lori ni reli mbili za chuma zilizounganishwa na vyuma vya kukatiza, na imetengenezwa makusudi ijipinde. Tairi ya mbele kushoto ikipanda jiwe na ya nyuma kulia ikapanda jingine, reli zinajisokota ili tairi zote nne ziendelee kugusa ardhi. Bodi ya mbao inajisokota pamoja nazo. Inalia njia nzima, na ndiyo inavyodumu.

Boksi la kuishi lina pande sita zilizofungwa. Halijisokoti. Ukilibana kwenye kitu kinachojisokota, mmoja lazima ashindwe: kona za mlango na madirisha zitapasuka, au chesesi yenyewe itaota ufa, mara nyingi hapo nyuma ya kabini ambapo mzigo unaanzia. Unimog, lori la Benzi la njia mbovu ambalo fremu yake hujisokota kupita kiasi, hutatua hili kwa kulishika boksi sehemu tatu tu, mbili zimekazwa na moja inacheza. Ubaya wake ni kwamba uzito wote unadondokea sehemu hizo tatu, na reli za Fuso hazikuandaliwa kwa hilo. Tukachagua njia nyingine: fremu ya pili inalala juu ya chesesi urefu wote, nyuma imekazwa kabisa, na mbele bolti zake zimevishwa springi nzito. Njia ikiwa sawa, fremu mbili zimelaliana. Chesesi ikijisokota, springi zinabonyea, fremu zinaachana kwa mbele, boksi linabaki limenyooka. Vibao vya chuma vya ubavuni vinaizuia fremu ya juu isihame kushoto wala kulia.

Nilikuwa nimejiandaa kutetea michoro yangu siku nzima. Fundi akaitazama kidogo tu, akasema, "Bosi, si hii hii ya tenki za mafuta?" Ni kweli. Malori mengi yanayobeba tenki mgongoni hufungwa hivyo kwa mbele, kwa sababu tenki nalo halijisokoti, na yeye ameshabadilisha springi zake mara kadhaa. Kuanzia hapo mimi ndiye niliyeanza kuuliza maswali.

Lililomuudhi ni marufuku yangu ya kuchomelea kwenye reli. Nilitaka bolti tupu, kwenye matundu ambayo kiwanda kimeyaacha, na tukilazimika kutoboa, tutoboe ubavu wa reli uliosimama, kamwe si mdomo wake uliolala, wa juu wala wa chini. Midomo ile ndiyo inayobeba mkazo mkubwa lori likielemewa, na moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma chake. "Mwaka mzima nachomelea chesesi za watu na zinatembea," alinung'unika. Zinatembea, naam. Nyingi pia zinarudi kwake kuchomelewa tena.

Kuijaribu kazi hiyo Mwanza ni rahisi kuliko Bremen, miamba haihitaji kutafutwa. Tulipandisha tairi moja ya mbele juu ya jiwe nyuma ya gereji, na ya nyuma upande wa pili juu ya kifusi. Nafasi ikafunguka mbele baina ya fremu mbili, kiganja kinapenya, huku mlango wa boksi ukifunguka na kufungwa kwa kidole. Vijana wa gereji walishangilia kama timu imefunga.

Kuta za boksi hazikunisumbua, na hapo ndipo Mwanza inapoishinda Ulaya. Kule kuta hizi huuzwa na makampuni maalumu kwa bei ya kukukatisha tamaa: faiba nje, faiba ndani, katikati povu gumu la poliyurethani. Hapa jiji zima linaishi kwa sangara, na sangara wanataka barafu. Mafundi wa maboksi ya samaki wanazijua kuta hizo, na wa boti wanaijua faiba. Niliwaomba jambo moja ambalo hawakulizoea, kwamba mbavu za chuma zisipenye kutoka nje mpaka ndani. Chuma kinachopenya ukuta kinapitisha joto. Ulaya wakati wa baridi ubavu huo hutoa jasho mpaka godoro linaoza, na hapa utakuingizia jua la saa nane.

Mambo mengine yalinyooka yenyewe. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, hivyo sola unailaza bapa juu ya paa na inafanya kazi mwaka mzima. Betri za lithiamu, ambazo Ujerumani hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, hapa zinastarehe. Kabati la mtungi wa gesi lina tundu la chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inashuka. Maji ndiyo yanataka akili. Ziwa lina kichocho, kwa hiyo nimeweka matenki mawili: moja linatumika, jingine linapumzika. Vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi haviishi zaidi ya siku mbili bila kumpata mtu, kwa hiyo maji yaliyotulia muda huo yanafaa kuogea. Ya kunywa tunachemsha.

Mama alipoona choo kiko hatua mbili kutoka kwenye jiko, alishuka bila kusema neno.

Safari ya kwanza ilikuwa Lamadi, kwa shangazi anayenunua samaki mwaloni. Nilikuwa nimepanga kulala ndani ya lori uani kwake, kusudi nilijaribu vizuri. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Unakuja kwangu na kitanda chako? Majirani waseme nimemnyima mtoto wa kaka yangu pa kulala?" Hapo hakuna mjadala. Nililala chumbani, kwenye kitanda alichowahamisha wajukuu wake, na wajukuu wakalala kwenye lori, wakawasha na kuzima taa mpaka betri ikalalamika.

Asubuhi alipanda mwenyewe kukagua. Kitanda hakukiangalia, jiko hakuliangalia. Alibisha ukuta kwa vifundo vya vidole, akauliza unene wake, akauliza barafu ingekaa humo muda gani kabla ya kuyeyuka, kisha akataka namba ya fundi. Wameshaelewana bei. Ngazi yangu ya mlangoni bado haijachomelewa, na nikimpigia fundi ananijibu kwa heshima zote, "Bosi, subiri kidogo, nimalize kwanza boksi la shangazi."