Mbegu za Bondeni zimeota: kumbukumbu ya mradi wangu wa chikichi

Zimeota! Mfuko wa mbegu za Bondeni (kila mfuko naupa jina la mchikichi mama, Bondeni ni mmoja na Kisimani ni mwingine), ule niliokuwa nimeshaanza kuuruka kila nikikagua mbegu, leo asubuhi umeonyesha ncha nyeupe kwenye mbegu kadhaa, na kufikia jioni zimeongezeka. Mfuko wa Kisimani ulimaliza kazi yake zamani, miche yake tayari ina majani. Huu wa Bondeni ndio ulionikosesha usingizi.

Kwa wanaofuatilia kuanzia hapa: nataka tenera (michikichi ya fuu jembamba, yaani ganda gumu la mbegu, na nyama nyingi ya mafuta) za kutoa mafuta ya kuendeshea mashine ya kusaga pale kijijini, na nataka mama zao wawe dura (michikichi ya fuu nene) wa mashamba ya zamani ya hapa Kigoma, tena wawe wengi. Miche ya tenera ya TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo cha hapa Kigoma, ni mizuri, ninayo shambani na siiachi. Lakini kila anayepanda mipya anakata mirefu ya babu yake, na humo kwenye mirefu ndimo kuna vitu ambavyo hatujavipima hata kimoja. Viwanda vya Malaysia na Indonesia vilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzao wa michikichi minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848. Baadaye ikabidi Wamalaysia warudi Afrika kukusanya mbegu za porini na vijijini, Tanzania ikiwemo. Costa Rica nao wametumia michikichi yenye asili ya huku kwetu kutengeneza aina zinazovumilia baridi. Wengine wanavuka bahari kuitafuta, sisi tunaipiga shoka.

Haya, Bondeni. Ni dura mwenye fuu nene kupita wote nilionao. Ukiipiga mbegu yake kwa nyundo inaruka, haipasuki. Na mnajua kwamba fuu ni la mama: hata chavua ikitoka kwa pisifera (mchikichi usio na fuu, ambao ukichavusha dura watoto huwa tenera) na mtoto wa ndani akawa tenera, nyumba aliyofungiwa ni ya dura. Utaratibu niliotumia ni uleule wa kila mtu. Unaloweka wiki nzima ukibadilisha maji kila siku, unaanika kivulini mpaka unyevu ufike karibu asilimia 18, unafunga kwenye mfuko wa plastiki, unaweka kwenye joto la nyuzi 39 hadi 40 kwa siku kama 80, unaloweka tena, unaanika mpaka fuu liache kung'aa libaki jeusi lililofifia, halafu unasubiri. Kisimani walianza kuchomoza ndani ya wiki mbili. Bondeni, kimya. Siyo kuoza, siyo ukungu. Kimya tu.

Nikavunja chache. Kiini cheupe, kigumu, hakina harufu mbaya, na kijusi kipo mahali pake kizima kabisa. Mbegu hai iliyogoma inaudhi kuliko iliyokufa, maana iliyokufa unaitupa na roho yako inatulia.

Mwenzangu mmoja wa kitaluni alishikilia kwamba tatizo ni nyuzi zilizoziba tundu la kuotea. Mimi nilishuku maji. Ile asilimia 18 tunaipima kwa mbegu nzima, na kwenye mbegu ya Bondeni sehemu kubwa ya uzito ni fuu. Kwa hiyo mizani inanisomea habari za fuu, wakati mimi nataka habari za kiini. Nikachukua mbegu za sampuli, nikazipasua, nikatenga mafuu na viini, nikavikausha mbalimbali kwenye oveni ya dada yangu mpaka uzito ukagoma kushuka. (Dada, oveni nimeisafisha.) Viini vya Bondeni vilikuwa vikavu kuliko vya Kisimani, ilhali mbegu nzima zilikuwa zinasoma sawasawa.

Basi nikarudia kuloweka, safari hii bila kuhesabu siku. Kila jioni nafuta maji juu ya mbegu kwa kitambaa, napima, narudisha. Nilisimama pale uzito ulipoacha kupanda. Nikazirudisha kwenye joto kwa muda mfupi zaidi, nikaloweka tena kwa mtindo huohuo. Ili kumaliza ubishi, nusu ya mbegu nilizikwangua nyuzi tunduni kwa msumari, nusu nikaziacha na ndevu zao. Zimechomoza pande zote mbili. Ni maji, ndugu yangu, utaninunulia soda.

Hapa ndipo penye jambo lililonisumbua kuliko kuota kwenyewe. Ningekuwa nauza miche, Bondeni angeshatupwa, na hakuna ambaye angesema nimefanya uchaguzi wa mbegu. Ningesema tu "hazikuota". Ukijaza kitalu kwa zinazowahi, baada ya vizazi viwili umebaki na uzao wa mama wenye fuu jembamba na haraka nyingi, na hukukusudia hilo hata siku moja. Kwa hiyo kila mama ana idadi yake ya viriba, sawa kwa wote. Kisimani wakizidi, nagawa kwa majirani. Bondeni wakichelewa, viriba vyao vinasubiri vitupu.

Kuhusu vifaa: boksi langu la joto ni friji mbovu, balbu mbili za nyuzi na themostati ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Usiweke balbu za LED, zitakupa mwanga bila joto. Mizani ya saa ya dukani haifai kwa kazi hii, tafuta ya kidijitali inayosoma gramu moja au chini. Mifuko ya kufunikia maua jike, ili chavua ngeni isiyafikie, iwe ya turubai, yenye dirisha la plastiki ili uone maua yakifunguka. Mifuko ya karatasi wadudu wachavushaji wanaingia kama kwao, na hutajua mpaka miche izae, uone dura katikati ya tenera.

Upande wa baba bado nimekwama kwa mmoja. Ni pisifera aliyeota shambani kwa jirani. Anatoa maua, mikungu yake inaoza kabla ya kukomaa, na mzee mwenye shamba alishanoa panga. "Mwanangu, mgumba huu unaulinda wa nini?" Nikamwambia, baba, huyu ndiye dume la mbegu. Alicheka, akaacha. Lakini mama wengi kwa baba mmoja bado ni nusu ya kazi, watoto wote ni ndugu wa baba.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuchanganya udongo wa viriba. Sijagusa koleo. Nilipokuwa nasubiri Bondeni nilijaribu tena kutengeneza dizeli kwa mawese ya sokoni, methanoli yote (kemikali ya jamii ya spiriti inayochanganywa na mafuta) ikaishia kwenye uji wa sabuni. Asidi ya mafuta ilikuwa nyingi, magadi makali (kostiki soda) yakaikimbilia, sabuni ikajaa ndooni. Kawaida tunalaumu usindikaji, na ni kweli kwamba tunda likipondeka kimeng'enya kilichomo kwenye nyama yake huanza kuyavunja mafuta saa hiyohiyo, na dawa yake ni kuchemsha mapema. Ila iko michikichi ambayo kimeng'enya hicho kwao ni hafifu tangu kuzaliwa. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo wa CIRAD, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, walionyesha kwamba tofauti hiyo inaongozwa na jeni moja. Jeni moja! Hilo linatafutika hata kwa mtu mwenye friji mbovu.

Kwa hiyo sasa naponda matunda ya kila mama peke yake, nayaacha mpaka kesho yake, nakamua, nayeyusha mafuta kidogo kwenye spiriti, kisha nadondosha magadi hayo makali kwa bomba la sindano mpaka rangi ya waridi ya fenoftalini (dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha) ibaki: magadi yakienda mengi, asidi ni nyingi. Wekundu wa mawese unaificha hiyo rangi, kwa hiyo zimua sana hadi mchanganyiko uwe manjano hafifu tu. Mpaka sasa wote wamenywa magadi kwa wingi, Kisimani akiongoza. Bondeni hana mkungu ulioiva.

Mwenye dura mzee shambani kwake, Ujiji, Simbo au popote pale, naomba matunda machache. Yakatwe kwenye mkungu juu ya mti, yasiokotwe chini, maana yaliyoanguka yamekwisha pondeka na yatanidanganya. Andika kwenye mfuko yametoka mti gani, na huo mti usiukate kwanza.